Fundi, Mashine na Lugha: Historia Fupi ya Utengenezaji wa Kompyuta Ndogo katika Nchi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta katika nchi zinazozungumza Kiswahili imezoeleka kuandikwa kama historia ya uagizaji. Huelezwa mashine ya kwanza ilifika mwaka gani, ilifungwa katika wizara gani, na serikali ilitoa amri gani juu yake. Historia ya namna hiyo ina manufaa yake, lakini inaishia mlangoni. Haisemi lolote juu ya yale yaliyotokea baada ya mashine kushushwa, kutumika, kuharibika na kufufuliwa. Sehemu kubwa ya kompyuta ndogo zilizofika Lubumbashi, Kigoma, Kampala au Mombasa tangu miaka ya 1990 zilifika zikiwa zimekwisha kumaliza maisha yake ya kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani, Afrika Kusini au nchi za Ghuba. Maisha ya pili zilipewa na fundi. Kwa hiyo, historia inayomwacha fundi nje inakuwa imeacha nje nusu ya jambo lenyewe.

Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kutoka upande wa meza ya fundi, hususan fundi wa Lubumbashi, huku yakirejelea mifano ya Tanzania, Uganda na kwingineko. Hoja kuu ni kwamba ufundi huu uliwezekana kwa kukutana masharti matatu: mashine iliyoundwa kwa namna inayofunguka, wingi wa mashine zilizokwisha kutumika, na jadi ya ufundi iliyokuwapo kabla ya kompyuta na iliyofundishwa kwa Kiswahili. Aidha, inadaiwa kuwa masharti haya sasa yanaondoka moja baada ya jingine, na kwamba yakiondoka yote, si riziki ya watu tu itakayopotea bali pia sehemu ya lugha ambayo wanaisimu hawajaiandika.

2.0 Maana ya Kutengeneza

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Kitenzi tengeneza katika Kiswahili kina maana mbili ambazo lugha nyingi huzitenganisha. Anayeunda kiti kipya anatengeneza kiti. Na anayekirudishia kiti kilichovunjika mguu wake, naye pia anatengeneza kiti. Asili ya maana zote mbili ni moja, yaani kukifanya kitu kitengenee, kikae katika hali inayopaswa. Kwa mtazamo huu, kuunda na kukarabati si kazi mbili zenye hadhi tofauti. Fundi anayechukua bodi ya mashine moja, diski ya mashine nyingine na kikasha cha umeme cha mashine ya tatu, akapata kompyuta moja inayowaka, hahitaji kuulizwa kama ameunda au amekarabati. Ametengeneza.

Neno la pili ni uraibu. Wanaoandika juu ya watu wanaofungua kompyuta zao kwa kujifurahisha huliita jambo hilo uraibu, yaani shughuli ambayo mtu huifanya kwa mapenzi, nje ya kazi yake. Lakini neno hilohilo hutumika kwa mtu aliyetekwa na tabia kiasi cha kushindwa kuiacha. Maana zote mbili zinamfaa kijana anayekesha na mashine isiyotaka kuwaka. Tofauti iliyopo ni ya mazingira. Kwingineko mraibu huongeza kumbukumbu kwenye mashine iliyo nzima ili iende kasi zaidi. Lubumbashi mraibu huyohuyo hulazimika kwanza kuifufua. Mpaka kati ya burudani na riziki ni mwembamba: aliyeanza kwa kutengeneza mashine ya kaka yake hujikuta baada ya mwaka mmoja anatengeneza za mtaa mzima, wa Katuba, na wengine wanamlipa.

3.0 Mashine za Wakubwa

Kabla ya miaka ya 1980, kompyuta ilikuwa mali ya hazina, reli, benki na migodi. Ilijaza chumba kizima, na aliyeruhusiwa kuifungua alikuwa mtumishi wa kampuni iliyoiuza. Hapakuwa na nafasi ya fundi wa mtaani, wala ya mraibu.

Tanzania ni mfano ulio wazi zaidi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwishoni mwa muongo huo jaribio la kuhamishia mahesabu ya serikali katika kompyuta lilishindwa, likaacha hasara, na kazi ikarudishwa kwenye mashine za mahesabu za zamani. Mwaka 1974, wakati nchi nzima ilikuwa na kompyuta zisizofika kumi, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni pamoja na vifaa vyake bila kibali maalumu. Mara nyingi amri hiyo hutajwa kwa kejeli, kana kwamba viongozi waliogopa mashine. Ukweli ni kwamba ilitolewa na nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na iliyokwisha kuona mradi mmoja mkubwa ukiharibika. Hata hivyo, amri iligusa jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule. Ilipotaja vifaa, ilitaja spea. Na pasipo na spea hapana ufundi. Ilipolegezwa pamoja na biashara kwa jumla tangu katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa imepitwa na muongo ambao ndani yake kompyuta iligeuka kutoka chumba kizima na kuwa sanduku la mezani.

Zaire haikuwa na amri ya namna hiyo, lakini mambo mengine yalizaa matokeo yanayofanana. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilitaifisha biashara za wageni na kuzigawa kwa wananchi wachache. Bei ya shaba ikaporomoka kuanzia mwaka 1974, na vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978 vikaathiri jimbo lililoilisha nchi. Lubumbashi, utaalamu wa mashine ulikuwa mikononi mwa taasisi kubwa. Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa Gécamines, mrithi wa Union Minière du Haut-Katanga iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967. Kampuni ilikuwa na karakana, shule za ufundi na hospitali zake. Kitu kilipoharibika kilitengenezwa ndani ya uzio wa kampuni, na mtengenezaji alikuwa na namba ya kazi na mshahara.

4.0 Mashine Iliyoachwa Wazi

Sharti la kwanza lilitimia mbali sana na Katanga. Januari 1975 gazeti moja la Marekani la wapenzi wa elektroniki lilitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipandevipande ili mnunuzi ailehemu mwenyewe. Machi mwaka huohuo, wapenzi wa mashine hizo walikutana katika gereji moja huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Mmoja wa waliohudhuria mikutano yake, Steve Wozniak, aliwaonyesha wenzake mashine iliyokuja kuitwa Apple I. Watu hao waliishi jirani na viwanda vya chipu, na spea zilikuwa zikipatikana karibu nao kwa bei nafuu. Uraibu wao ulizaliwa na wingi wa vifaa.

Hatua iliyoifikia Afrika, hata hivyo, ni ile ya Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo. Kwa haraka ya kuingia sokoni, kampuni iliiunda kwa vipande vilivyokuwa vikiuzwa na viwanda vingine, ikaweka ndani yake nafasi tano za kupachikia kadi, na ikachapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya sakiti zake. Kilichobaki kuwa mali yake pekee kilikuwa programu ya msingi iliyohifadhiwa katika chipu. Mwishoni mwa mwaka 1982 Compaq ilitangaza mashine inayolingana na ile ya IBM, ikiwa imeandika upya programu hiyo bila kuinakili. Na muda si mrefu viwanda vya Taiwani na kwingineko vikawa vinatoa bodi zinazoingiliana. Mwaka 1987 IBM ilijaribu kuufunga mlango kwa kuleta mpangilio mpya wa kadi ambao wengine walipaswa kuulipia. Soko liliukataa. Mashine iliyo wazi ikabaki kuwa kawaida.

Umuhimu wa jambo hili kwa fundi wa Afrika hauwezi kutiliwa chumvi. Mashine iliyo wazi ni mashine ambayo kipande chake kimoja kinaweza kufa bila kuiua yote. Kumbukumbu ikiharibika huchomolewa na kupachikwa nyingine. Diski ikigoma hubadilishwa. Kikasha cha umeme kikiungua huletwa kingine kutoka mashine iliyopasuka kioo. Mashine tatu mbovu, kila moja kwa ugonjwa wake, huweza kutoa mbili nzima. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa biashara yote ya kompyuta za mtumba, na haingewezekana kama kila kiwanda kingekuwa na vipimo vyake.

5.0 Lubumbashi: Kutoka Karakana ya Kampuni hadi Uani

Sharti la pili na la tatu yalikutana Lubumbashi katika miaka migumu. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora maduka na ofisi za miji ya Zaire, Lubumbashi ikiwamo. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na kati yao walikuwamo mafundi na makarani wengi. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka hadi sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Mfumko wa bei ulivuka asilimia 9,000 mwaka 1994. Hatimaye, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameieleza jamii ya wafanyakazi wa Katanga katika kitabu chake cha mwaka 2001 kwa taswira ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Kampuni ilikuwa baba: ililisha, ilitibu, ilisomesha. Kwa mada ya makala haya inafaa kuongeza kwamba baba huyo pia alitengeneza. Alipoondoka, kazi ya kutengeneza ilihama kutoka karakana kwenda uani mwa nyumba, chini ya mwembe au katika kibanda cha kando ya barabara. Maarifa yalibaki katika mikono ya watu: aliyejua kulehemu nyaya za injini ya umeme aliweza kulehemu radio, na mwanawe aliyemshikia taa aliweza kesho yake kulehemu bodi ya kompyuta.

Si kwamba jadi hiyo ilianza na kuanguka kwa Gécamines. Radio za transista, zilizoenea tangu miaka ya 1960, zilikuwa zimekwisha kuzalisha mafundi katika kila mji wa Afrika ya Mashariki na Kongo. Baada ya radio zilikuja kaseti, kisha televisheni, kisha video. Kompyuta ilipofika, ilipokelewa na watu waliokwisha kujua jinsi ya kusoma sakiti kwa kufuata njia ya umeme kutoka inapoingia hadi inapokwama.

Mashine zenyewe zilifuata njia za biashara za zamani. Tangu reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, uso wa kibiashara wa mji huu umeelekea kusini na mashariki. Bidhaa huingia kwa Kasumbalesa, zikitoka bandari za Afrika Kusini au Dar es Salaam. Kati ya magunia ya unga na marobota ya nguo zilizovaliwa zimepita pia kompyuta zilizotumika, nyingine zikiwa zimeuzwa na ofisi, nyingine zikiwa zawadi kwa shule na parokia.

6.0 Elimu ya Mezani

Elimu ya fundi wa kompyuta haikuwa na mtaala, lakini ilikuwa na masomo yake, na inafaa baadhi yake yaandikwe.

Somo la kwanza lilikuwa umeme. Vikasha vingi vya umeme vya miaka ya 1980 na 1990 vilikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyotoka Marekani ilifika ikiwa imewekwa 115. Aliyeichomeka katika umeme wa volti 220 bila kutazama nyuma alisikia mlio na kuona moshi. Kosa hilo halikurudiwa. Kisha palikuwa na kukatika kwa umeme. Kwa Katanga jambo hili lina uchungu wake: laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilikamilika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi, huku nyumba nyingi zikiendelea kulala gizani. Umeme unaporudi kwa kishindo huua bodi kuliko unavyoua kwa kutokuwapo. Fundi mwema alimfundisha mteja kuchomoa waya taa zinapozimika, na kusubiri kidogo zinaporudi.

Somo la pili lilikuwa vumbi. Katika kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu hujaa katika feni na kuzuia hewa, na prosesa inapopata joto mashine huzimika yenyewe. Mashine nyingi zilizoletwa zikidhaniwa zimekufa zilikuwa na uchafu tu. Brashi ya rangi ilitosha. Na kwa meno ya shaba ya kadi za kumbukumbu yaliyopata kutu, raba ya kufutia penseli ilifanya kazi ya dawa.

Somo la tatu lilikuwa kulinganisha. Kumbukumbu haipachikwi ovyo. Kadi za zamani zenye pini 30 zilipaswa kuwekwa nne kwa pamoja katika mashine za 486. Zile zenye pini 72 ziliwekwa mbili mbili katika mashine za Pentium, zilizoanza kutoka mwaka 1993. Diski kubwa katika bodi ya zamani ilionekana ndogo, kwa sababu programu ya msingi ya wakati wake haikuweza kuhesabu zaidi ya megabaiti 504 hivi. Na mpaka huo ulipovukwa, ukaja mwingine wa gigabaiti 8.4. Aliyeelewa kwamba diski si mbovu, bali ni bodi isiyojua kuihesabu, alikuwa amepanda daraja.

Somo la nne lilikuwa kutofautisha ugonjwa na dalili. Kompyuta iliyosahau tarehe kila ilipozimwa haikuwa na virusi, ilikuwa imeishiwa betri ndogo ya mviringo. Milio mifupi na mirefu wakati wa kuwaka ilikuwa lugha yake ya kutaja kiungo kinachouma. Bodi nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kapasita mbovu zilizovimba vichwa na kuvuja. Ofisi za Ulaya zilizitupa mashine hizo, na mafundi wa Afrika, kwa kapasita zilizong'olewa katika vifaa vingine na risasi kidogo ya kulehemu, walizirudisha kazini.

Masomo haya yote yalitolewa kwa namna ileile ambayo useremala na ushonaji hutolewa: mwanafunzi hukaa karibu, hushika taa, hutumwa sokoni, huruhusiwa kufungua skurubu, kisha siku moja huachiwa mashine peke yake.

7.0 Istilahi: Uso na Tumbo

Kwa mwanaisimu, swali linalofuata ni hili: masomo hayo yalitolewa kwa maneno gani?

Wakuzaji wa istilahi hawakulala. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilishughulikia msamiati wa sayansi kwa miaka mingi. Kwa mashine yenyewe yalipendekezwa maneno kadhaa: kompyuta, ngamizi, na tarakilishi, ambalo limeshika zaidi nchini Kenya. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi katika Kiswahili. Muda mfupi baadaye Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows.

Kazi hizi zilistahili heshima, lakini inafaa kuona zilihusu nini. Zilihusu uso wa mashine: faili, hariri, hifadhi, chapisha, funga. Zilimlenga anayetazama skrini. Tumbo la mashine halikupewa uzito huohuo, na mkaaji wa tumboni ni fundi. Huyo alijitafutia maneno mwenyewe. Dar es Salaam alisema mashine imegoma, bodi imeungua, diski imekufa. Kuweka upya mfumo mzima akakuita kupiga Windows. Lubumbashi alichukua majina ya viungo kutoka Kifaransa, lugha ya shule na ya vitabu vya maelekezo, akayavika viambishi vya Kiswahili na kuyatia katika sentensi ambayo vitenzi vyake, nafsi zake na njeo zake ni za Kiswahili. Mwenye kupenda usafi wa lugha husikia hapo mchafuko. Mwenye kusikiliza kwa makini husikia utaratibu: nomino za vitu hukopwa, bali vitenzi vya kazi, yaani kufungua, kupachika, kupima, kulehemu, kufufua, kwa kiasi kikubwa ni vya Kiswahili chenyewe. Kilichotoka ng'ambo ni kitu. Kazi imebaki ya wenyeji.

Jambo jingine linaloonekana ni sitiari ya mwili. Mashine huugua, huzimia, hufa na kufufuka. Ina ubongo na kumbukumbu. Bodi yake kuu ni mama. Sitiari hiyo humwongoza fundi katika kutafuta kasoro. Anauliza, kama mganga, ugonjwa ulianza lini, mgonjwa alikula nini kabla ya hapo, na nani alimgusa mara ya mwisho. Mara nyingi jibu la swali la tatu ndilo linalofichua kasoro.

8.0 Mzigo wa Mtumba

Haitakuwa haki kuusifu ufundi huu bila kutaja mzigo wake. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliweka masharti juu ya kusafirisha taka za sumu kati ya nchi, na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ukapiga marufuku uingizaji wake barani Afrika. Lakini kompyuta kuukuu si taka mpaka itakapothibitika kuwa haiwezi kutengenezwa, na anayethibitisha ni fundi, baada ya mzigo kushuka. Mwaka 2009 Uganda ilitangaza kuzuia uingizaji wa kompyuta, majokofu na televisheni zilizotumika. Wapo walioiunga mkono kwa ajili ya mazingira, na wapo walioona kwamba umefungwa mlango ambao maskini aliutumia kuingia katika ulimwengu wa kompyuta. Pande zote mbili zilikuwa na haki kwa sehemu. Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni takriban asilimia 22 tu zilizoandikwa kuwa zimekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Vioo vya skrini za zamani vina risasi, na moshi wa nyaya zinazochomwa ili kupata shaba ni sumu kwa anayeuvuta.

Kwa Katanga mzigo huu una kinaya cha pekee. Njia za umeme katika bodi ni za shaba. Tabaka la sumaku katika diski ngumu lina kobalti. Betri za lithiamu za kompyuta za mkononi zilitegemea kobalti vilevile. Na katika miaka ya hivi karibuni Kongo imetoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Kapasita za tantalamu zina koltani ya Kivu na ya kaskazini mwa Katanga ya zamani. Kwa hiyo mashine inayofika mezani kwa fundi wa Lubumbashi ikiwa imechoka, huenda sehemu yake iliwahi kuondoka hapa ikiwa udongo. Iliondoka kwa bei ya mali ghafi, ikarudi kwa bei ya mtumba. Faida iliyo kubwa ilipatikana katikati ya safari, na sehemu pekee ya safari hiyo ambayo thamani iliongezwa na Mkatanga ni pale mwishoni, kwa bisibisi.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ufundi wa kompyuta ndogo ulitegemea mashine inayofunguka, mashine nyingi za mtumba, na jadi ya kufundishana. Sharti la kwanza linapotea kwa kasi. Katika kompyuta nyingi za mkononi za sasa kumbukumbu imelehemiwa katika bodi, na betri imegandishwa kwa gundi. Hesabu ya mashine tatu mbovu kutoa mbili nzima haifanyi kazi tena. Sharti la pili nalo linatikiswa na programu: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, ilhali toleo linalofuata linakataa rasmi mashine nyingi zilizo nzima kwa kuwa hazina chipu ya usalama au prosesa inayotakiwa. Ulaya imeanza kutunga sheria za haki ya kutengeneza, ikiwamo ile ya mwaka 2024. Lakini sheria hizo zimetungwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza, ambaye si mkazi wa Lubumbashi. Programu huria zinaweza kuzirefushia maisha mashine hizo, na hapo kazi ya Kilinux ina maana mpya.

Sharti la tatu, yaani jadi yenyewe, ndilo lililo karibu zaidi na uwezo wa idara za Kiswahili. Mafundi wa kizazi cha 486 na Pentium wanazeeka, na wengi wao wamekwisha kuhamia kwenye simu. Maneno yao, ya Dar es Salaam, ya Mombasa na ya Lubumbashi, hayamo katika kamusi. Kuyakusanya hakuhitaji kamati. Kunahitaji mtafiti aketi kando ya meza, asikilize jinsi bwana anavyomwelekeza mwanafunzi, na aandike kama anavyosikia, nomino za Kifaransa zikiwamo. Istilahi zilizotungwa ofisini zilimpa Mswahili uwezo wa kuitumia mashine. Zile zilizotungwa mezani zilimpa uwezo wa kuifungua. Hizi za pili ndizo zilizo hatarini, kwa kuwa hutamkwa mahali pamoja tu, juu ya mashine iliyo wazi.